Wasomaji Wauliza: Mke Aliyeletwa na Adui

Toleo lililopita tuliandika kuhusu Les Dames du Bois de Boulogne, filamu ya mwongozaji Mfaransa Robert Bresson iliyoanza kuonyeshwa Paris Septemba 1945. Kwa aliyelikosa: Hélène, mwanamke tajiri wa Paris, anagundua kwamba mpenzi wake Jean amemchoka. Hagombi wala halii mbele yake. Anamtafuta Agnès, binti anayecheza dansi katika klabu za usiku na kuburudisha wanaume kwa pesa, anamgeuza binti wa nyumba ya heshima, kisha anapanga mambo hadi Jean anamuoa. Ndoa ikishafungwa ndipo anamwambia ameoa nani. Asiyetaka kujua mwisho wa hadithi aruke majibu matatu ya mwanzo.

Mimi ni mama wa Magomeni. Kwetu hata binti wa mtaa wa pili anaulizwa baba yake nani, mama yake katokea wapi, kabla mshenga hajabeba barua ya posa. Huyu Jean ni mtu mzima, ana pesa, ana gari. Aliwezaje kuoa bila kuulizia?

Mama, shikamoo. Aliulizia, ila aliyemuuliza ndiye aliyemtegea.

Ukiitazama tena, fuata kazi ya Hélène hatua kwa hatua. Anaanza na madeni. Agnès na mama yake, anayeitwa Madame D., waliwahi kuwa na maisha mazuri, wakafilisika. Hélène analipa wanachodaiwa. Wengi huuona huo kama wema wa kujifanya tu, lakini una kazi yake: mwenye deni ana wanaomdai, na wanaomdai wana midomo. Halafu anawahamisha na kuwapangia nyumba Square de Port-Royal, mahali ambapo hawajulikani. Kisha anawawekea masharti: dansi basi, wageni basi, mavazi ya kawaida, maisha ya kujifungia ndani. Baada ya hapo ndipo anawakutanisha na Jean, kana kwamba ni bahati tu, kwenye maporomoko ya maji ya kutengenezwa ndani ya Bois de Boulogne, ile bustani kubwa yenye msitu upande wa magharibi wa Paris.

Kuanzia hapo ufundi wake ni wa kujizuia. Hamsukumi binti kwa Jean. Anakaa mlangoni tu, na kila njia ya kumfikia Agnès inapita kwake. Jean naye hana sababu ya kumshuku, kwa sababu mwanzoni Hélène alimdanganya kwamba hata yeye mapenzi yamempungua, wakaachana kwa amani. Akilini mwa Jean huyu si mwanamke aliyeachwa, ni rafiki anayeweza kumweleza yaliyo moyoni.

Ndiyo tofauti na desturi uliyoitaja. Posa ya pwani huwa na waulizaji wengi wasiotumwa na mtu mmoja: shangazi anauliza kwake, jirani kwake, wengine wanauliza msikitini au kanisani. Ukimnunua mmoja, wa pili atakuumbua. Jean alikuwa na chanzo kimoja cha habari.

Usimwonee huruma sana, lakini. Agnès anaandika barua ya kumweleza ukweli wote na kumkabidhi mkononi. Jean anakataa kuisoma. Watu humlaumu Hélène peke yake wakaisahau barua hiyo, na kwa maoni yetu filamu nzima imebebwa nayo: Hélène alificha nusu, nusu nyingine Jean alichagua mwenyewe kutoiona.

Tabata tumebishana hadi usiku. Agnès anakufa au hafi?

Filamu inaisha akiwa hai. Yuko kitandani, moyo wake ni dhaifu na ameshazimia, Jean yuko kando yake akimsihi asiondoke, naye anasema anabaki. Bresson anafunga hapo. Anayedai amekufa amejiongezea mwenyewe.

Mngebishana zaidi juu ya silaha ya Hélène kukosa makali. Mpango wake ulitegemea kwamba Jean akiambiwa asili ya mkewe, aibu itakuwa kubwa kuliko mapenzi. Alidhibiti nyumba, nguo, pesa na ratiba, ila alichokuwa anakihesabu ni fahari ya Jean, na fahari hiyo ikamwishia njiani.

Nafundisha Kifaransa sekondari, Temeke. Nimesikia hadithi hii ni ya zamani sana. Ni ya nani, na Bresson amebadilisha nini?

Mwalimu, ni ya Denis Diderot, mwandishi Mfaransa wa karne ya 18. Imo ndani ya Jacques le fataliste et son maître, kitabu kilichochapwa Kifaransa mwaka 1796, miaka 12 baada ya mwandishi kufariki. Mle ndani anayeisimulia ni mwanamke mwenye nyumba ya wageni, na msimulizi huyo anakatizwa kila mara na wateja na watumishi. Mwanamke mlipiza kisasi anaitwa Madame de La Pommeraye, mwanamume ni Marquis des Arcis.

Badiliko kubwa ni vazi la heshima lenyewe. Kwa Diderot, mama na binti wanaagizwa waigize ucha Mungu: kanisani kila siku, macho chini, na padri wa kuungama. Marquis anajaribu kumpitia padri huyo, anajaribu vito, anajaribu mali, vyote vinakataliwa. Bresson ameiondoa dini yote hiyo na kuileta hadithi katika Paris ya magari, simu na lifti. Heshima ya Agnès sasa ni ukimya, mavazi na anwani. Mazungumzo aliandika Jean Cocteau, na wanafunzi wako watayaona ni magumu kwa sababu watu hawa hawasemi ovyo. Mwisho haukubadilika sana: kwa Diderot pia mume anasamehe, anamchukua mkewe shambani na wanakaa karibu miaka mitatu mbali na Paris.

Kwa darasa, soma kwanza kipande cha Diderot, siyo kitabu kizima. Mwaka 2018 mwongozaji Emmanuel Mouret aliitoa hadithi hiyohiyo kwa mavazi ya karne ya 18, chini ya jina Mademoiselle de Joncquières. Ukiwaonyesha wanafunzi dakika 20 za kila moja watafahamu tofauti kuliko kwa mhadhara.

Sisi ni kikundi cha vijana Sinza. Tumeandika tafsiri ya Kiswahili ya kutokea chini ya picha. Mwanzo inakwenda sawa, kufika katikati maneno yamechelewa dakika nzima. Tumebonyeza kuirudisha nyuma, ikakaa sawa kidogo, ikaharibika tena. Tatizo nini?

Tatizo ni kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kwa sekunde. Filamu za sinema hupigwa fremu 24 kwa sekunde. Diski nyingi za Ulaya zilitengenezwa kwa mfumo wa televisheni wa fremu 25, hivyo filamu nzima inakimbia kidogo. Jambo lililo kwenye dakika ya 60 katika faili la fremu 24 linatokea dakika ya 57 na sekunde 36 katika la fremu 25. Pengo linakuwa dakika 2 na sekunde 24 kwa kila saa, nalo linakua taratibu tangu sekunde ya kwanza. Ndiyo maana kubonyeza G na H katika VLC, programu ya kuchezea video, hakuwasaidii: vitufe hivyo vinasogeza maneno yote kwa kiasi kimoja, wakati ninyi mnahitaji kuyabana.

Pima kwanza. Chagueni sentensi ya mwanzo kabisa na moja ya karibu na mwisho, andikeni kila moja imepishana na sauti kwa sekunde ngapi. Tofauti ikiwa ileile mwanzo na mwisho, sogezeni tu. Ikiwa maneno yanazidi kuchelewa kwa kadiri ya dakika mbili na nusu kwa saa, zidisheni nyakati zote kwa 0.96. Yakizidi kuwahi kwa kiasi hicho, zidisheni kwa 1.0417. Pengo dogo la sekunde 3.6 kwa saa ni la 24 dhidi ya 23.976, linalotokea sana kwenye faili za kompyuta. Programu ya bure ya Subtitle Edit ina sehemu ya kubadili kasi ya fremu, na nyingine ya kulinganisha kwa pointi mbili, ambayo ndiyo rahisi: unaipa sentensi ya kwanza na ya mwisho, yenyewe inagawanya katikati. Kama maneno yanaruka ghafla mahali pamoja, siyo kasi tena. Nakala yenu imekatwa au kuongezwa kipande hapo, na inabidi mgawe faili mara mbili.

Sasa tuseme ambalo hamkuuliza, kwa kuwa mmetutumia kurasa mbili za tafsiri. Mmetafsiri kila neno, na hakuna atakayewahi kusoma. Mistari isizidi miwili, kila mstari herufi kama 40 pamoja na nafasi. Mtazamaji asiyezoea kusoma huku anatazama anamudu herufi 15 kwa sekunde. Mtu akisema kwa sekunde mbili, mna herufi 30. Tuchukue mfano wa kutunga: "Sikuja hapa kwa ajili ya kukuomba msamaha" ni herufi 41, haiingii; "Sikuja kuomba msamaha" ni 21, inaingia na jicho linabaki na muda wa kuona uso wa María Casares, aliyeigiza Hélène. Uso huo unasema mengi ambayo mdomo wake unakana, kwa hiyo msiufunike kwa maneno. Andishi lolote likae angalau sekunde moja, lisizidi sita, na kati ya moja na jingine acheni fremu mbili ili jicho lijue limebadilika.

Hifadhini faili kwa UTF-8, mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi, na hakikisheni kichezaji kinaisoma kwa mfumo huohuo. Kikiisoma kwa mfumo mwingine, Hélène atatokea kwenye skrini akiitwa "HÃ©lÃ¨ne" na ukumbi utacheka pasipo na kichekesho. Maandishi yawe meupe yenye ukingo mweusi, maana filamu ni nyeusi na nyeupe, na meupe matupu hupotea kwenye nguo na kuta.

Kuhusu wazo la kumweka mtu wa kusimulia juu ya filamu kama wafanyavyo kwenye vibanda umiza: kwa filamu za ngumi tungesema ndiyo. Hii hapana. Bresson ameweka habari nyingi kwenye sauti ndogo. Mhakiki André Bazin aliandika mwaka 1951 juu ya jinsi sauti ya waipa za gari ilivyobadilisha maneno ya Diderot. Viatu vya Agnès vyenye vibati vya chuma kwenye soli vinasikika kabla hujaelewa kazi yake. Msimulizi akipanda juu ya hayo, yamekwisha.

Kigamboni tunataka kuionyesha nje, uani, watu kama 60. Tumejaribu, nyuso zimekuwa pana kama zimebamizwa, na sauti inanguruma.

Nyuso: filamu hii ina umbo la 1.37 kwa 1, karibu na mraba, na projekta yenu ina 16 kwa 9. Mtu amechagua "jaza skrini". Ingieni kwenye mipangilio ya picha ya projekta, kisha ya kompyuta, na kote mbili chagueni umbo halisi. Mtaona pande mbili nyeusi, ziacheni. Kwa kitambaa cha upana wa mita 3, picha yenyewe itakuwa na upana wa mita 2.3 na kimo cha mita 1.7. Wa nyuma kabisa akae si zaidi ya mita 10, la sivyo hasomi maandishi. Msijaribu pia kukuza picha hadi pande nyeusi zipotee, mtakata paji la uso juu na maandishi chini.

Ngurumo: mara nyingi chaja ya kompyuta na amplifaya zimechomekwa kwenye soketi mbili tofauti. Tumieni ekstensheni moja kwa vyote. Ikiendelea, chomoeni chaja mkasikilize. Ikinyamaza mmempata mchawi. Sauti ya filamu ni ya mono, yaani ya njia moja tu, kwa hiyo spika moja nzuri katikati, chini ya kitambaa, ni bora kuliko mbili zilizotupwa pembeni. Zimeni kila kitu kinachoitwa "surround", na punguzeni besi, kwa sababu rekodi ya miaka ile haina besi ya maana na mnachokuza ni kelele.

Muda: jua la Dar linazama kati ya saa 12 na robo jioni na saa 1 kasoro, lakini filamu hii ina maonyesho mengi ya giza na haitaki mwanga wa jioni. Anzeni saa 2 kamili usiku. Miezi mingi ya mwaka Isha itakuwa imeshapita na hamtagombana na spika za msikiti. Filamu haifiki dakika 90, saa 3 na nusu watu wanaelekea kwenye pantoni. Projekta ya lumeni 3,000 inatosha mkizima taa za uani. Umeme ukikatika, msiwashe tena projekta ya taa papo hapo. Subirini dakika kadhaa ipoe, kwa sababu feni yake ilikufa taa ikiwa ya moto. Jenereta ikae nyuma ya nyumba, siyo nyuma ya watazamaji.

Filamu ya 1945 si imeshakuwa ya bure? (Msomaji, Ilala)

La. Ufaransa ulinzi hudumu miaka 70 baada ya kifo cha wa mwisho kati ya waandishi wakuu wa filamu. Bresson alifariki 1999, kwa hiyo kule hautaisha kabla ya mwisho wa 2069. Diski uliyonunua ni ya kutazama nyumbani. Kwa onyesho la hadhara unahitaji ruhusa ya mwenye haki, na hapa kwetu kibali cha Bodi ya Filamu kwa mujibu wa Sheria Na. 4 ya 1976. Kwa onyesho lisilo la biashara anza kwa kuuliza Alliance Française, Upanga, kwa kuwa Institut français ina katalogi ya filamu zilizokwisha lipiwa haki za maonyesho ya aina hiyo.

Naandika filamu, naishi Mbagala. Nataka kutunga yangu yenye mtego wa namna hii, itokee Dar ya leo. Nianzie wapi, na nitakosea wapi?

Utakosea kwenye siri. Filamu zetu nyingi zinamficha mtazamaji, halafu dakika ya mwisho mtu anavua wigi. Bresson anafanya kinyume: mtazamaji anajua mapema Agnès ni nani, anayejua kwa kuchelewa ni Jean peke yake. Ndiyo maana tabasamu la kawaida la Hélène linakutia baridi. Ukificha, unapata mshtuko wa sekunde tano. Ukifichua mapema, una saa nzima ya watu kutamani kupiga kelele kwenye skrini.

Dar ya leo itakutesa kwa mambo ambayo Paris ya 1944 haikuwa nayo. Jean wako akimtumia binti pesa kwa simu, jina lililosajiliwa linatokea kabla hajathibitisha. Jina la bandia linakufa hapo. Kwa hiyo usimpe jina la bandia, fanya kinachofichwa kiwe kazi aliyokuwa akiifanya. Anazo picha za zamani mtandaoni, na kufuta akaunti hakufuti picha zilizopigwa na wateja. Halafu kuna harusi yenyewe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla. Kuna kamati, kuna kadi za mchango zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zikiwa na picha ya maharusi. Katika watu 300 waliopata kadi, hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia klabu ile? Mtazamaji wa Kinondoni atakuuliza swali hilo kabla ya mapumziko.

Njia mbili zinafanya kazi. Ya kwanza, ndoa ya haraka na ndogo, na anayeisukuma iwe hivyo awe Jean mwenyewe, siyo mtegaji. Ya pili, na sisi tunaipenda zaidi, wapo wanaojua na wananyamaza: mmoja kwa sababu akisema atajitaja kwamba alikuwa mteja, mwingine kwa sababu ameahidiwa kitu, shangazi kwa sababu anafurahia. Hapo hadithi inaanza kuwa ya Dar kweli.

Mpe binti nafasi ya kukiri, na mwanamume aiharibu nafasi hiyo kwa mikono yake. Meseji ya sauti ya dakika nne anayoifuta bila kuisikiliza ingetosha.

Na chagua vizuri mahali pa kufichulia. Bresson amemweka Jean ndani ya gari lililobanwa na magari mengine. Anakwenda mbele kidogo, anarudi nyuma, na kila akirudi uso wa Hélène uko pale dirishani na sentensi nyingine. Hawezi kuondoka, hawezi kushuka akagombana mbele za watu. Usiiige hiyo. Tafuta yako: pantoni lililo katikati ya maji, foleni ya msafara wa maharusi Barabara ya Kilwa, meza kuu MC akiwa ameshika maiki. Onyesho liandikwe kwanza bila maneno kabisa, mwili tu wa mtu asiye na pa kwenda. Maneno ya mtegaji uyatie baadaye, na yasizidi sentensi tano.